Mauti anatafuta mwanagenzi: shajara ya baraza letu, Mkomani

Kwa kuanzia

Kitabu ni Mort, cha Mwingereza Terry Pratchett, kilichotoka mwaka 1987. Mgeni mmoja alikisahau kwenye nyumba ya wageni ninayofanyia kazi hapa Mkomani, mtaa wa mji wa Lamu, kikakaa rafuni baina ya riwaya za upelelezi na mwongozo wa ndege wa Afrika Mashariki. Jalada limepauka, na mchanga wa Shela ungali kwenye mshono wa kurasa. Riwaya ya namna hii sikuwahi kuisoma. Kuna wachawi, wafalme na farasi wapitao hewani kama katika ngano zetu, ila kila ajabu inasimuliwa kwa macho makavu, na kicheko kinakushika kabla hujajua kimetokea wapi.

Mradi wenyewe: kukisoma chote barazani kwa Ami, baada ya isha, kabla Ramadhani haijaingia. Macho yangu yanasoma Kiingereza, mdomo unatoa Kiswahili. Tunarekodi kwa simu kwa ajili ya Nahodha, ambaye kazi yake ni kwenda na kurudi Kiwayu na Kizingitini na hawezi kuahidi kuwapo. Waliokubali kuja ni Mwalimu wa shule ya msingi, fundi wa milango kutoka Langoni pamoja na mwanagenzi wake, na majirani wanaokaa hapo kila usiku kitabu kiwepo kisiwepo. Ami ndiye mwenye baraza, kwa hiyo yeye hakuulizwa. Yeye ndiye aliyetuuliza.

Jumamosi usiku

Kikao cha kwanza nilikitenga kwa kueleza dunia yenyewe. Dunia ya Pratchett ni bapa, imebebwa na tembo wanne, na tembo wamesimama juu ya gamba la kasa mkubwa mno anayeogelea angani. Nilikuja na mchoro. Haukuhitajika. Ami alisema bibi yake alimfundisha kwamba dunia imekaa juu ya pembe ya ng'ombe, na ng'ombe akichoka akauhamishia mzigo pembe ya pili ndipo ardhi inapotetemeka. Tembo wanne ni afadhali, akasema, angalau wanasaidiana.

Nahodha, aliyekuwapo usiku huo, alikuwa na swali moja: huyo kasa ni dume au jike? Kwa maana jike lazima arudi pwani kutaga, na pwani yake itakuwa wapi? Nikamwambia kwamba kwenye kitabu cha kwanza cha mfululizo huu, The Colour of Magic cha mwaka 1983, wako wataalamu wa nchi iliyo ukingoni kabisa mwa dunia ambao wanaunda chombo cha kuteremsha watu wakachungulie jambo hilo hilo. Akasema hao ndio watu wenye akili, tukianza na wao ingekuwa bora.

Hadithi yenyewe tuliifikisha sokoni. Mort ni kijana wa shamba, mrefu, miguu na mikono haielewani, na anafikiri kupita kiasi. Baba yake Lezek anaona kilimo hakimfai, anampeleka mji mdogo wa jirani siku ya wazee wa kazi kuja kuchagua wanagenzi. Wenzake wanachukuliwa mmoja mmoja. Yeye anabaki uwanjani kwenye baridi mpaka saa sita ya usiku, na hapo ndipo anapofika mtu mwenye joho jeusi na farasi mweupe. Ndani ya joho ni mifupa mitupu. Ni Mauti mwenyewe, na anatafuta mwanagenzi. Baba mtu haoni mifupa. Anaona mzishi wa heshima zake, na anafurahi kwamba mwanawe amepata kazi isiyokosa wateja.

Fundi alinikatiza hapo. Alisema naye aliachwa mwisho hivyo hivyo, mafundi wote walipoona anashika patasi kwa mkono wa kushoto. Aliyemchukua alikuwa mzee ambaye hakuna aliyetaka kufanya kazi naye. Tukangoja aendelee, hakuendelea.

Kisha Mort anafika kwenye nyumba ya Mauti, nyumba ambayo kila kitu ni cheusi, hata bustani. Yuko tayari kufunuliwa siri za uhai na kifo. Anakabidhiwa koleo akazoe mavi ya farasi bandani. Baraza zima lilicheka, Fundi kuliko wote, na mwanagenzi wake kuliko wote hakucheka.

Jumatatu

Tatizo la kiufundi. Mpango ulikuwa sura moja kila kikao, na kitabu hiki hakina sura. Si hiki peke yake, vitabu vingi vya Pratchett havina. Habari inaachiwa nafasi tupu, inarukia kwa mtu mwingine mahali pengine, kisha inarudi. Ukisoma peke yako kitandani haikusumbui, maana unaacha unapolala. Mbele ya watu lazima pawe na pa kukomea.

Tulijadiliana mpaka tukachoka. Mwalimu alitaka nipime kwa kurasa. Ami alitaka nikome kila Mauti anapoondoka mahali, jambo lisilowezekana kwa kuwa katika kitabu hiki Mauti anaondoka kila mara. Kilichoshinda ni dele la kahawa: likiisha, tumeisha. Muuza kahawa hatumlipi zaidi kwa kazi hiyo. Lakini nimeona kwamba habari ikikolea anamimina vikombe nusu.

Jumatano

Tanbihi. Pratchett ana tabia ya kuweka kinyota katikati ya sentensi na kukupeleka chini ya ukurasa, ambako kuna maelezo yasiyo na haja, na mara nyingi ndiyo yanayochekesha kuliko yaliyo juu. Nikiyasoma mimi mwenyewe yanapotea, msikilizaji hajui tumetoka lini na tumerudi lini. Leo tumempa kazi hiyo mwanagenzi wa Fundi. Namwandikia kila tanbihi kwenye kikaratasi kabla ya kikao. Nikiinua kidole, yeye husimama, hukohoa, na kuisoma kwa sauti ya mtu anayetangaza matokeo ya uchaguzi, kisha huketi.

Sijui alijifunza wapi. Hatabasamu hata kidogo. Kikao cha leo watu walianza kukitazama kidole changu badala ya kunisikiliza, na mara mbili nilikiinua kwa kujikuna.

Ijumaa

Sauti ya Mauti. Kitabuni maneno yake yamepigwa kwa herufi kubwa, bila alama za kunukuu, na tunaambiwa kwamba sauti yake inafika kichwani bila kupita masikioni. Kwa macho inaeleweka mara moja. Kwa mdomo ni shida. Mwalimu alijaribu kupaza, ikawa kama karani anayegombana na foleni. Tukajaribu kunong'ona, simu haikurekodi kitu.

Ami akaingia ndani, akatoka na mtungi mtupu wa maji, ule wa udongo wenye shingo nyembamba. Akamwambia Mwalimu aweke mdomo karibu na shingo, sio ndani, aseme kama anavyosema siku zote. Sauti ikatoka nzito, tupu, bila haraka, kama inatoka chini ya sakafu. Paka aliyekuwa amelala kwenye kidaka akaruka akaenda zake. Basi, hiyo ndiyo.

Kuhusu kurekodi: kaskazi inavuma moja kwa moja kwenye ujia huu na maikrofoni inashika upepo tu. Simu imevishwa kofia ya Fundi, ile ya kushonwa yenye vishimo vidogo vidogo. Upepo unakatika, sauti inapita. Punda hawana dawa.

Jumapili

Mwalimu ameweka pingamizi, na namheshimu kwa kuliweka waziwazi. Anasema mtoa roho hafanyiwi mzaha. Yeye anasoma ndani ya mtungi, wanafunzi wake wanapita na kumsikia, kesho wataulizana darasani.

Nilitegemea Ami amuunge mkono, kwa umri wake na jinsi asivyokosa sala ya jamaa. Ami alimuuliza: Mwalimu, Liyongo alikufaje? Kila mtu hapa anajua. Alichomwa kwa sindano ya shaba kitovuni, akaenda kisimani, akapiga goti akiwa ameshika uta, akafa vile vile. Na watu wa mji je? Wakakaa bila maji, hakuna aliyethubutu kusogea, wanamwogopa maiti. Wakampeleka mama yake akamsihi kwa nyimbo, naye mama hajui kama anamwimbia mfu. Tumewacheka watu wale tangu utotoni, akasema Ami, na hakuna aliyeona tunaichezea mauti. Tunawacheka walio hai.

Mwalimu hakushindwa, na sitaandika kwamba alishindwa. Ametoa masharti mawili: jina la malaika lisitajwe kabisa, huyu abaki Mauti wa dunia ile ya kasa; na yeye mwenyewe apumzike kusoma mpaka aone hadithi inakwenda wapi. Mtungi ameushika Fundi kwa muda. Hana sauti nzuri.

Kwa maoni yangu, hadithi inakwenda mahali ambapo Mwalimu atapapenda. Mauti huyu hamchukii mtu wala hamuui mtu. Kila aliye hai ana chupa yake ya mchanga inayopima maisha, nyumba nzima imejaa chupa hizo, na mchanga ukiisha yeye anakwenda kwa wakati kutimiza kazi. Ni mtumishi mwaminifu mwenye kuchoka. Na anapenda paka. Tulipofika pale anapofuata vipaka waliozamishwa mtoni ndani ya gunia, hakuna aliyecheka. Lamu ni mji wa paka. Mtu mmoja alisema taratibu kwamba mwenye gunia angemjua, angemtafuta yeye kwanza.

Jumanne

Farasi wa Mauti anaitwa Binky, naye ni farasi wa kweli wa nyama na damu. Mauti aliwahi kuwa na farasi wa mifupa, lakini kila mara alilazimika kusimama kumfunga viungo vilivyodondoka kwa waya. Akajaribu wa moto, akachoma banda. Mji huu unaishi kwa punda, hakuna aliyehitaji maelezo. Watu watatu walitaka kusema kwa wakati mmoja kuhusu gharama za kutunza mnyama.

Punda mweupe mweupe anayebeba mchanga wa ujenzi huku Mkomani ameshapewa jina la Binky. Mwenyewe hajui limetoka wapi, lakini anaitika. Mwenye punda namaanisha.

Alhamisi

Kikao kizuri kuliko vyote mpaka sasa, nitakieleza kwa urefu.

Mort anatumwa peke yake kuchukua roho ya binti mfalme, Keli wa Sto Lat. Binti anapaswa kuuawa usiku ule kwa njama ya jamaa yake mwenyewe. Mort anamtazama, moyo unamshinda, na badala ya kumwacha afe anampiga yule muuaji. Keli anabaki hai. Kasoro ni kwamba dunia haikupata habari. Kwa mujibu wa dunia, binti amekufa, na watu wote wanaenenda kana kwamba hayupo. Anaingia chumbani, watumishi hawamwoni mpaka apige kelele, na akigeuka wamemsahau. Anatoa amri, inapotea hewani. Mwishowe anamwajiri mchawi kijana anayeitwa Cutwell, kazi yake rasmi ikulu ni kuzunguka naye na kuwakumbusha watu kwamba malkia wao mtarajiwa yupo.

Nilikuwa nakwenda vizuri, mwanagenzi amejiandaa na tanbihi, jirani mmoja mstaafu akainua mkono. Ni mtu mkimya, huja, hunywa kahawa, huondoka. Akasema: mimi ni huyo binti.

Ikawa hivi. Miaka ya nyuma malipo yake ya uzeeni yalikatika. Akaenda ofisi fulani kuuliza. Karani akafungua faili, akamtazama, akatazama faili tena, akamwambia kwamba mwenye jina hilo ni marehemu. Mzee akasema mwenye jina hilo ni mimi. Karani, kwa upole kabisa, akamwambia walete jamaa wa marehemu na cheti. Akaenda na mkewe. Mkewe akapewa pole. Akaenda na barua ya chifu kwamba yu hai. Akaambiwa barua ni ya mwezi uliopita, inathibitisha kwamba alikuwa hai mwezi uliopita. Akaketi kwenye benchi mpaka ofisi ikafungwa, na askari akamwambia, mzee nenda nyumbani, kana kwamba marehemu wana pa kwenda.

Alilisimulia lote bila kubadilisha sauti. Kufika kwenye pole watu walikuwa wameshashika mbavu. Fundi aliuweka mtungi chini asije akauvunja. Muuza kahawa alimwaga. Mzee mwenyewe akawa anatushangaa, kisha akaanza kucheka naye, na nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kulicheka jambo lile.

Hatukurudi kitabuni usiku huo. Rekodi ya Nahodha ina kurasa chache za Pratchett na karibu saa nzima ya pensheni.

Kuanzia hapa nimeweka kanuni kwa wasomaji wote, nami nikiwamo: msomaji asicheke. Katika kitabu hiki hakuna hata mtu mmoja anayeona kwamba mambo yake yanachekesha. Mauti anafanya kazi yake, Keli anapigania kiti chake, Cutwell anaogopa, karani anafuata faili. Ukisoma kwa sauti ya kuwaambia watu "sasa chekeni", wanatabasamu kwa adabu. Yule mwanagenzi alilijua hili tangu siku ya kikaratasi cha kwanza.

Jumamosi

Si kila kitu kinafika. Sikukuu yao ya katikati ya baridi, yenye nguruwe na theluji, niliipitia mbio. Masihara yanayocheka ngano za kwao za mashujaa na mapanga yanahitaji kwanza uwe umezisoma ngano hizo, na sisi hatukuzisoma. Pia kuna kurasa za mahaba baina ya Mort na Ysabell, binti wa kulea wa Mauti, ambazo mbele ya wazee wamekaa na vijana wao nilizifupisha. Mwanagenzi ameniambia kwamba alizisoma zote nilipokwenda kuswali.

Jumatatu

Mwalimu amerudi kwenye mtungi, na sababu ni hii.

Mauti, akiwa amemwachia Mort kazi, anakwenda mjini kutafuta raha wanazozipata wanadamu. Anakunywa, anacheza ngoma na watu kwenye sherehe, haelewi. Kisha anaamua kutafuta kazi, anaingia kwenye ofisi ya wakala wa ajira. Wakala anamuuliza ujuzi wake. Anauliza hiki, anauliza kile, hapati kitu cha kuandika. Akiona kwamba mtu huyu hana kipaji wala ujuzi wowote wenye manufaa, anampendekezea aingie ualimu.

Nilisoma mpaka hapo nikanyamaza, kwa kanuni. Baraza lote likamgeukia Mwalimu. Yeye alikuwa anatazama kikombe chake. Akasema: "Hata usaili wangu ulikuwa mrefu kuliko huo." Kisha akauvuta mtungi kutoka kwa Fundi, akamwambia nipe, bwana, unamharibu mtu.

Mauti hakuwa mwalimu. Aliishia kuwa mpishi kwenye mgahawa wa mji ule mkubwa, na akawa mpishi hodari, anajua kila mteja atataka nini kabla hajasema.

Jumanne, hakuna kikao

Nimetumia nafasi kuwaandalia habari za mwandishi, walikuwa wakiuliza. Alizaliwa 1948. Alianza uandishi wa habari akiwa kijana mdogo, gazeti la mtaani kwao. Baadaye akawa msemaji kwa wanahabari wa shirika la umeme la Uingereza, upande wenye vinu vya nyuklia. Ukitaka kujua macho makavu yale aliyapata wapi, anzia hapo: mtu ambaye kazi yake ni kuwaeleza watu kwa utulivu kwamba kinu kiko salama hapati taabu kueleza kwamba dunia iko juu ya kasa. Kazi hiyo aliiacha 1987, mwaka wa Mort, akaishi kwa kalamu. Vitabu vya dunia ile ya kasa vikafika 41. Mwaka 2007 alitangaza hadharani kwamba ana ugonjwa wa Alzheimer, naye akaendelea kuandika. Alifariki Machi 2015. Habari ya kifo chake ilitangazwa mtandaoni kwa herufi kubwa, kwa namna ya Mauti wake anavyosema.

Niliposoma hilo la mwisho Ami alisema innalillahi, akauliza kama paka wake walikuwa na mtu wa kuwalisha. Sikujua ametambuaje kwamba alikuwa na paka. Anasema ni dhahiri.

Jumamosi, kikao cha mwisho

Kitabu kimeisha, na mwezi haujaandama. Mwisho wake sitauandika hapa kwa sababu Nahodha yuko Kiwayu na amepiga simu kukataza. Niseme tu kwamba Mort na bwana wake wanakutana kwenye chumba cha chupa za mchanga, kwamba dele lilikuwa limeshakauka na hakuna aliyeinuka, na kwamba Mwalimu alisoma maneno ya mwisho ya Mauti akiwa ameuondoa mdomo mtungini kidogo kidogo bila mtu kumwambia. Ilikuwa sawa.

Rekodi zote zimehamishiwa kwenye kadi moja. Ile ya Alhamisi ya pensheni nimeiacha kama ilivyo, mwenyewe ameruhusu, kwa sharti kwamba ianze na jina lake likifuatiwa na neno "hai".

Baada ya Idi: Nahodha anataka kile cha kwanza chenye kasa, na kitabu hicho sina, nimemwomba mgeni wa mwezi ujao aje nacho. Ami anapendelea turudie hiki tangu sokoni kwa wale waliochelewa. Mwanagenzi hachagui kitabu, anauliza tu kama kina tanbihi. Muuza kahawa ameleta hesabu yake, na kile kikombe alichomwaga pia kimo.